Mvuke wa Ubwabwa

Leo naandika kwa mkono mmoja. Juzi usiku tulikuwa tunapika ubwabwa chumbani (msinichongee kwa waden!), nikafunua sufuria ghafla, mvuke ukanivaa mkono. Rumeti mbio na dawa ya meno. Nikamwambia weee, acha! Nikavua bangili kabla mkono haujavimba, nikauweka bombani dakika 20. Maji ya kawaida, siyo barafu. Kisha kitambaa safi, bila kubana. Asubuhi lengelenge hilo, sikulipasua, nikaenda zahanati.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka jana nikiwa BTP niliwafundisha kidato cha tatu joto fiche: kilo 1 ya mvuke wa nyuzi 100 ikigeuka maji hutoa kama kilojuli 2,260, maji hayo yakipoa hadi joto la mwili hutoa kama 264 tu. Wakanakili, wakafaulu jaribio. Sikuwaambia kwamba sufuria hufunuliwa kwa kuinua kwanza upande wa mbali, mvuke utokee huko. Na wengi wao ndio wapishi nyumbani kwao!

Nikirudi darasani naanzia jikoni. Haya, lekcha saa moja, tuonane.