Wageni wa Asiatique sasa wanalala kwangu

Loji niliyoifanyia kazi tangu ujana wangu, katika mtaa wa Asiatique hapa Bujumbura, ilifungwa mwaka 2024 na nyumba ikavunjwa. Mahali pake panapanda jengo la maduka na maghala. Watu wakilitaja jambo hilo husema tu kwamba warithi wameuza mali yao. Ni kweli, mali ilikuwa yao, na sina ugomvi nao. Lakini mimi nilikuwa ndani ya nyumba ile. Najua vitanda vyake vilifanya kazi gani katika mji huu, na najua kazi hiyo imehamia wapi. Imehamia sebuleni kwangu, Buyenzi, na imenigeuza mtu mwingine. Huo ndio ushuhuda wangu.

Asiatique si mtaa mkubwa. Wabelgiji walipoupanga mji wa Usumbura waliwagawa watu kwa rangi: Wazungu na makazi yao, Waafrika Buyenzi na mtaa uliokuwa ukiitwa Belge, ambao leo ni Bwiza, na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu wakawa na eneo lao karibu na soko na bandari. Zikajengwa nyumba za duka mbele, familia nyuma, ua katikati. Uhuru ulipokuja 1962, Usumbura ikawa Bujumbura, lakini Asiatique ikabaki na jina lake. Wenye nyumba wengi walikuwa na ndugu Ujiji, Kigoma na hata Oman, na lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Mzee wetu, mwenye loji, alikuwa mmoja wao. Ghala la baba yake lililokuwa nyuma ya ua aliligawa vyumba, akaweka vitanda, akatundika kibao mlangoni.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi. Machi 1995, Bwiza na Buyenzi ziliposhambuliwa, wazazi wangu walitubeba tukapitia Gatumba hadi Uvira, upande wa Kongo, pamoja na umati wa wengine. Oktoba 1996 vita vikatufuata huko huko Uvira, tukarudi. Tuliikuta nchi katika vikwazo ambavyo majirani walikuwa wameviweka tangu mwisho wa Julai, baada ya Meja Buyoya kutwaa madaraka. Sukari ilikuwa haishikiki, petroli ilikuja kwa magendo ya ziwani, baba hakuwa na kazi. Mama akanishika mkono akanipeleka kwa Mzee. Alimwambia, "Mzee, binti huyu anajua kufua na hajazoea kusema uongo." Mzee akanitazama kidogo, akaniambia niingie nianze na mashuka. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Watu waelewe kwamba kwetu ilikuwa nadra mtu kukodi chumba kizima. Mtu alikodi kitanda. Vyumba vya nyuma vilikuwa na vitanda vya chuma vinne vinne, godoro la sponji, chandarua, na msumari ukutani wa kutundikia nguo. Upande wa wanawake ulikuwa na mlango wake na komeo lake, na ufunguo niliushika mimi. Mzigo ulilala chini ya kitanda cha mwenyewe, au ukizidi uliingia stoo na kuandikwa. Jiko la mkaa lilikuwa uani: anayetaka kupika ndagala wake apike, anayetaka kununua chapati na maharage anunue kwa mpishi. Mwanamke wa Uvira aliyeleta vitenge na kurudi na sabuni na unga, mwanamke wa Kigoma aliyeleta chumvi ya Uvinza, mwanamke wa Baraka na madumu yake ya mawese, wote faida yao kwa safari moja ilikuwa ndogo. Ukimtoza bei ya hoteli ya katikati ya mji umeimaliza faida yote, na safari ijayo hatakuja. Kitanda chetu kilikuwa sehemu ya biashara yake, kama nauli ya boti na ushuru wa forodha.

Miaka ile ya vita mji wenyewe ulikuwa umekatika vipande. Kulikuwa na mitaa ya hawa na mitaa ya wale, na aliyekosea njia aliweza kulipa kwa roho yake. Juu ya hayo kulikuwa na kuvrefe, amri ya kutotembea usiku, ambayo haikuondolewa hadi 2006. Upepo ukichafuka ziwani, boti ilichelewa, na abiria alishuka bandarini jua likizama. Hata kama alikuwa na shemeji Kinama au Musaga, hakuwa na muda wa kumfikia. Kwetu alifika kwa miguu, na mzigo wake kichwani mwa mchukuzi. Mzee hakuuliza kabila. Aliuliza karatasi na pesa, na pesa isipotosha aliuliza, "Unarudi lini?" Jibu la swali hilo liliandikwa kwenye daftari, na mara nyingi sana lilitimizwa. Nimeshuhudia mama akirudi baada ya mwaka mzima, mume wake ameuawa huko Fizi, akafungua pindo la kitenge akahesabu deni lake lote kabla hajaketi.

Daftari hilo nilikabidhiwa nilipopandishwa kutoka kufua hadi kukaa mezani. Lilikuwa na safu za jina, mji atokako, namba ya karatasi, anakoelekea na mzigo. Ukilisoma kwa miaka unaliona ziwa zima: Rumonge, Nyanza-Lac, Kalemie, Kigoma, hata Mpulungu ya Zambia. Unaona pia lini mji mmoja unatoweka kwenye safu. Kabla redio haijasema kwamba Fizi kumechafuka, sisi tulikuwa tumekwisha kujua kwa kukosa wageni wa Fizi.

Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Moto ulianza asubuhi, na magari ya zimamoto yalizidiwa. Zikaja helikopta kutoka Rwanda kusaidia kumwaga maji. Nilipanda kwenye paa la stoo nikaona moshi mweusi umefunika upande wote wa mjini. Wageni wetu walikuwa na bidhaa mle, kwa wenyeji wao wenye vibanda. Walitoka mbio, wengine bila viatu.

Kesho yake ua wetu ulijaa marobota yaliyookolewa. Mteja wetu wa miaka mingi, mama wa Uvira, alikuwa amepata mawili, yameungua upande mmoja. Aliketi chini akafungua la kwanza akatoa vitenge kimoja kimoja. Penye kuungua alipakata kwa wembe, akatenga mafungu: hiki kinatosha gauni la mtoto, hiki kilemba, hiki tambara. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Aliniomba sabuni na maji, akanawa, akafuta mikono kwenye sketi yangu maana yake ilikuwa imechafuka, kisha akashika wembe tena. Alipomaliza robota la pili alikuwa na rundo la vilemba la kuanzia biashara upya. Wiki ile Mzee hakumdai mtu pesa ya kitanda. Mpishi alisonga ugali mkubwa kila jioni na hakuna aliyeulizwa amechangia nini.

Kwangu mimi, loji ilianza kufa siku ile, ingawa mlango ulibaki wazi zaidi ya miaka kumi mingine. Soko halikujengwa tena mapema. Kuta zilizoungua zilikaa hivyo mwaka baada ya mwaka katikati ya mji. Wauzaji wakatawanyika, wengi wakahamia soko jipya tunaloliita kwa Siyoni, na mchuuzi hulala karibu na anapouzia. Mei 2015, baada ya maandamano na jaribio la mapinduzi, mpishi wetu alikimbia na watoto wake. Alikuwa miongoni mwa maelfu waliorundikana ufukweni Kagunga wakingoja Liemba, ile meli waliyoijenga Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iwavushe hadi Kigoma. Hajarudi. Mwaka 2019 Gitega ikafanywa mji mkuu wa kisiasa, na waliokuwa wakija kufuatilia karatasi za serikali wakaanza kupungua. Halafu petroli ikaadimika, foleni za magari zikawa za siku kadhaa. Januari 2024 mpaka wetu na Rwanda ukafungwa, nchi ile ile iliyotuletea helikopta. Miezi michache baadaye ziwa likapanda, maji yakaingia bandarini. Kuna usiku loji nzima ilikuwa na mgeni mmoja tu.

Mzee alikuwa ameshafariki. Wanawe walioko Muscat walikuja, wakatuita wafanyakazi tuliobaki, wakatulipa haki zetu zote na kutuomba radhi. Mimi waliniambia nichukue nitakacho kabla ya fundi kuanza kubomoa. Nilichukua magodoro yaliyokuwa bado mazima, na madaftari.

Sikuwa na mpango wowote. Lakini haikupita muda nikasikia hodi usiku. Alikuwa mama wa Baraka, dumu la mawese miguuni, ameulizia Buyenzi barabara kwa barabara mpaka akanipata. "Shangazi," akasema, "pale pamezungushwa mabati. Nilale wapi?" Nikamwambia aingie. Wiki iliyofuata alileta mwenzake. Kisha wakaja wa Uvira na wa Rumonge. Nilitandaza magodoro ya Mzee sebuleni, wanangu nikawahamishia chumbani kwangu.

Hapo ndipo nilipolazimika kubadilika. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kutumwa: fua, fagia, andika, leta ufunguo. Likitokea jambo nilimwita Mzee. Sasa jambo likitokea ni langu. Na jambo la kwanza lilikuwa kaye ya menaji, daftari la kaya ambalo kila nyumba hapa inatakiwa kuwa nalo, na kila anayelala ndani awe ameandikwa humo, mgeni pia. Polisi wakipita alfajiri kufanya msako, huliomba daftari hilo na kuhesabu watu. Kwenye loji mgeni alikuwa na fomu yake na risiti yake, mambo yamekwisha. Nyumbani, mgeni asiyeandikwa ni hatari kwake na kwa mwenye nyumba, na mwaka wowote wenye fununu za vita, mtu wa ng'ambo ya mpaka hutazamwa kwa jicho la shaka.

Basi nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda kwa nyumbakumi. Sikuwahi kuongea na kiongozi peke yangu kabla ya siku ile. Aliniuliza, "Mama, hawa wote ni ndugu zako?" Nikamjibu, "Hapana, ni wachuuzi, nimekuja uwajue kabla hujasikia kwa watu." Nikamfungulia madaftari ya zamani, nikamwonyesha majina yao yalivyorudi mwaka hadi mwaka, na karatasi zao. Alisoma kurasa nyingi. Tukakubaliana kwamba kila jioni nitampelekea orodha, na tangu hapo nampelekea. Sasa majirani wananiita wakiwa na jambo lao la kupeleka ofisini. Mimi, niliyekuwa nikijificha nyuma ya kamba ya mashuka akija mkaguzi!

Namshukuru Mungu kwa hilo, na silisemi kwa kujisifu. Ila nisidanganye pia kwamba sebule yangu inatosha. Nina choo kimoja. Sina stoo, na usiku mawese ya watu yanakaa kwenye ujia ambako watoto hupita. Mwanamke mwenye mtoto mgonjwa analala pembeni mwa mwenzake anayetakiwa kuamka alfajiri kuwahi gari la Gatumba. Juzi nimewarudisha watu wanne kwa kukosa nafasi, na najua walilala wapi: nje ya kituo cha mabasi, juu ya mizigo yao, zamu kwa zamu. Mchuuzi anayelala hivyo haendelei na biashara muda mrefu. Akiacha, vitenge na chumvi na mawese vinabaki mikononi mwa wachache wenye malori, na bei anapangiwa mnunuzi wa Buyenzi na Kinama.

Mji wetu una hoteli nzuri za ufukweni, na zinaendelea kujengwa. Ni sawa. Lakini mji wa bandari ambao mtu wa kipato kidogo hana pa kulala umejifungia biashara yake wenyewe. Ninaamini hivyo kwa moyo wangu wote, kwa sababu niliona nchi ikiwa katika vikwazo na vita, na bado chakula na nguo zikipita kwenye ua ule mdogo.

Kwa hiyo naomba. Wewe uliyerithi nyumba Asiatique na unataka kujenga, jenga, ila acha ua mmoja au ghorofa moja ya vitanda vya kulipiwa kimoja kimoja, na upande wa wanawake uwe na mlango wake na komeo lake. Nanyi mnaotoa vibali, mwenye vitanda vya bei ndogo mpeni masharti anayoweza kuyatimiza. Wateja wapo. Miji yao, mizigo yao na bei wanayoimudu vyote nimeviandika. Atakayekuwa tayari kufungua mlango, aje Buyenzi aulizie mama wa Asiatique, nitakaa naye mpaka tumalize hesabu.