Mzizi unaonukia dawa ya kuchua

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kama kilomita 65 za lami, na safari nzima nilisinzia. Kilichoniamsha kabisa ni harufu. Sokoni Chanika, kwenye meza ya dawa za asili, bibi mmoja alivunja kipande cha mzizi wa mzigi akanisogezea puani. Ilikuwa harufu ileile ya dawa ya kuchua tunayopakwa mguu ukiteguka.

Mbele yangu alisimama mama kijana, mtoto wa kama mwaka mmoja mgongoni. Alitaka dawa ya mchango.

"Chemsha, umpe kijiko kimoja tu, mwanangu," bibi alimwambia.

Hiyo "tu" ndiyo iliyonikaa kichwani. Mzigi, mti wa maua ya zambarau ambao wataalamu huuita Securidaca longipedunculata, hunukia hivyo kwa sababu mizizi yake ina methili salisilati, kemikali ya ukoo mmoja na aspirini. Kijiko cha chai cha mafuta yake yasiyochanganywa ni sawa na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini ya watu wazima, na kinaweza kumuua mtoto mdogo. Maji ya mzizi si mafuta safi, ni kweli. Lakini nani amepima? Mzizi huu una nyingi, ule kidogo, na bibi anakadiria kwa jicho. Kuna sehemu za Afrika ambako mti huuhuu umetumika kwa sumu ya mishale, na mizizi yake huwekwa ghalani kufukuza wadudu wa nafaka.

Nilijitambulisha, nikamshauri yule mama ampeleke mtoto zahanati.

"Dada, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inazidi bei ya mzizi," alinijibu. Sikuwa na la kubishana hapo.

Nikamwambia dalili za kuangalia, na wewe mzazi zishike: kutapika, kupumua haraka na kwa kina, kulegea, hata degedege, ambalo ni rahisi kulidhania malaria. Ukiziona, usimtapishe mtoto. Mkimbize hospitali na kipande cha mzizi mkononi, useme ukweli kuhusu ulichompa na saa uliyompa. Hakuna haja ya kuona aibu, daktari anahitaji kujua.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akalipa, akafunga mzizi kwenye ncha ya khanga, akaondoka.