Foleni ya Mzani

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Tuko katikati ya Wiki ya Unyonyeshaji na bango limetundikwa mlangoni. Foleni ya mzani leo ilifika hadi kwenye mwarobaini. Binti mmoja alikuwa na chupa kaificha ndani ya kanga. Mtoto akilia, anageukia ukutani ndipo amnyweshe. Jirani yake kwenye benchi akamuuliza kwa sauti, "Mwenzangu, ziwa unamwekea nani?" Bibi mmoja akadakia kuwa mabinti wa siku hizi wanaogopa matiti kulala.

Binti hakujibu. Alivuja damu nyingi mno alipojifungua, nusura tumkose. Damu ikipotea kiasi kile, tezi iliyo chini ya ubongo inaweza kuumia, na maziwa yasitoke kabisa. Supu ya pweza, mtori, uji wa pilipili manga, vyote kanywa.

Jumanne, 6 Agosti

Nimemwita chumba cha ndani. Sikumuuliza kwa nini hanyonyeshi. Nilimwomba tu anionyeshe anavyokoroga maziwa nyumbani. Akajaza maji mpaka alama ya juu, kisha akatia kijiko kimoja, akasita, akafunika kopo.

"Dada, nikitia vyote halifiki mwisho wa wiki."

Kumbe ndiyo maana mstari wa uzito kwenye kadi umelala. Na asingemwambia mtu, kwa kuwa kila akifungua mdomo anasemwa. Tumefanya pamoja: maji yachemke, kijiko kisawazishwe kwa kisu safi, idadi ifuate maelezo ya kopo, kisha mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Pesa ya kopo ni suala jingine. Nimempeleka kwa ofisa ustawi wa jamii.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, nipo nyumbani, na bado nina hasira.

Maziwa ya mama nayaamini kwa moyo wote. Miezi sita ya mwanzo bila hata maji, nitaendelea kuyahubiri. Lakini ile Kanuni ya Kimataifa ya 1981 iliwekwa kuyabana makampuni ya maziwa na matangazo yao. Wapi imesema mama afokewe kwenye benchi? Nakumbuka pia enzi zile mwanamke akionekana na kopo mtaa mzima unasema kaathirika. Leo mwenye virusi anatumia dawa na kunyonyesha, ila mnong'ono umebaki.

Anayenyonyesha naye hapumui. Mtoto akidhoofu, ataambiwa kambemenda. Sheria inampa mwajiriwa siku 84 za uzazi na muda wa kunyonyesha kazini. Mama lishe mwenye kichanga mgongoni na sufuria motoni nani anampa hata saa moja? Huyo huyo akimwachia mtoto uji mapema, tunamgombeza sisi.

Ijumaa, 9 Agosti

Mama mkwe wa yule binti kaja mwenyewe. "Nesi, mwanangu, nionyeshe hicho kikombe. Usiku namshika mimi." Mikono ilimtetemeka kidogo, lakini alimnywesha vizuri, polepole, kikombe kikigusa tu mdomo wa chini.

Mchana nilizungumza na mfawidhi. Hataki makopo yaonekane kwenye somo la asubuhi, na hapo namuunga mkono, hayo si ya kutangazwa. Tumekubaliana: anayehitaji ataelekezwa chumba cha ndani, mmoja mmoja, na muuguzi asimuulize mama yeyote mbele ya foleni anamlisha nini mtoto wake. Tunaanza Jumatatu.