Sauti Tunazowavika Watu

Katika katuni za Kijapani, profesa mzee hajiiti watashi, yaani 'mimi', kama watu wengine. Hujiita washi, na sentensi zake huishia na ja. Ndivyo anavyoongea Profesa Ochanomizu, yule mwenye pua kubwa katika Astro Boy ya Tezuka Osamu. Lakini zunguka vyuo vikuu vya Tokyo uone kama utampata profesa wa namna hiyo. Kila mtu nchini humo anaijua lugha yake, ila wanaoiongea hasa ni wahusika wa vitabuni na kwenye skrini.

Mwanaisimu Kinsui Satoshi aliipa lugha ya aina hii jina, yakuwarigo, yaani lugha ya uhusika, na kitabu chake cha mwaka 2003 kilichimbua asili ya usemi wa profesa. Zamani, Tokyo ikiitwa Edo, matabibu na wasomi wazee waliendelea kushikilia usemi wa Kyoto na Osaka, uliokuwa na hadhi, huku vijana wakiongea usemi wa mjini humo. Watunzi wa vichekesho na wa tamthilia za kabuki wakaidaka tofauti hiyo na kuitia chumvi. Wazee wenyewe wameshakufa, kejeli yao bado inalipwa mshahara.

La wasichana ndilo linalonifurahisha zaidi. Enzi ya mfalme Meiji, wanafunzi wa kike walipoanza kumalizia maneno yao kwa teyo na dawa, waungwana walilalamika kwamba hiyo ni lugha ya ovyo. Leo ndiyo lugha ya binti wa tajiri katika katuni, mwenye nywele za mawimbi na kicheko cha dharau! Ndiyo maana mtu akinililia kwamba vijana wanaharibu lugha, namsikiliza kwa adabu tu.

Ila mchezo huu una upande mchungu. Katika tafsiri za Kijapani za riwaya ya Kimarekani Gone with the Wind, watumwa weusi walipewa usemi unaofanana na lahaja za Tohoku, kaskazini-mashariki. Mtumwa wa Georgia akavikwa mdomo wa mkulima wa Kijapani, na mkulima naye akajikuta ametukanwa bila kuulizwa.

Kwetu je? Mlinzi wa kwenye vichekesho lazima awe na lafudhi ya Kimasai, mwenye duka lafudhi ya Kihindi, na sisi tunacheka kabla hawajasema la maana. Wewe unayeandika mchezo wa redio, kabla hujampa mlinzi wako maneno, nenda getini ukazungumze naye.