Maziwa ya Manjano, Kisorya

Waswahili walipohitaji jina la rangi iliyo baina ya weupe na wekundu, walilichukua jikoni. Wakasema “rangi ya manjano”, na tangu hapo kiungo na rangi vikawa na jina moja. Manjano ni jamaa wa tangawizi na iliki, nalo liungwalo mchuzini ni shina lake linalojificha ardhini. Hukwanguliwa, huchemshwa, huanikwa hata likakauka kama mfupa, kisha husagwa. Wapwani hulijua kwenye mchuzi wa samaki, na hulijua pia kwenye singo, anaposuguliwa bibi harusi hata ngozi ikang’aa. Kwa hiyo mtu wa Pemba akitajiwa manjano hukumbuka chakula na harusi kwa pamoja, bila ya kuambiwa akumbuke lipi.

Mwanamke mmoja mzaliwa wa Wete aliolewa Kisorya, wilayani Bunda, katika mkoa wa Mara, pale ambapo nchi kavu huchongoka kuingia ziwani na kivuko kikavusha watu na mizigo kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Kwao bahari ina chumvi na karafuu huanikwa juu ya majamvi; kwa mumewe maji ni matamu, dagaa huanikwa ufukweni, na ng’ombe ni wengi kuliko minazi. Alichokosa zaidi katika mwaka wake wa kwanza si bahari. Alikosa kinywaji cha jioni alichokuwa akiandaliwa na bibi yake: maziwa yaliyotiwa manjano na viungo, yakapozwa mpaka kikombe kikatoka jasho.

Kinywaji hiki hakikuanzia Pemba. Wahindi wamekinywa moto kwa vizazi vingi, nao walipoweka maduka katika miji ya pwani waliingia na mapishi yao. Katika miaka ya kati ya 2010 mikahawa ya Uingereza na Marekani ilikigundua upya, ikakipa jina la dhahabu na bei ya dhahabu. Lakini bibi wa Wete hakungoja mikahawa hiyo impe ruhusa.

Taabu ya kwanza ilikuwa ya lugha. Dukani Kisorya bi harusi aliomba manjano, akaulizwa anataka rangi ya nini. Bara, na hasa katika mikoa ya Ziwa, unga huu mara nyingi huitwa binzari. Lakini mtu wa Visiwani akisikia binzari hutaka kujua kwanza ni binzari ipi, kwani kwao iko ya manjano na iko nyembamba ya pilau. Kiswahili ni kimoja, ila mitungi yake ya viungo haikupangwa sawasawa katika kila nyumba. Ng’ambo ya maji yale, huko Ukerewe, aliishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Mzee yule alijua, kuliko wengi, kwamba neno huvuka maji kwa nauli, na kwamba nauli hiyo wakati mwingine hulipwa na maana.

Taabu ya pili ilikuwa ya chungu. Alitwanga tangawizi mbichi akaitia katika maziwa yaliyokuwa vuguvugu. Kufumba na kufumbua yakakatika, yakawa maji upande na mabonge upande. Tangawizi mbichi ina kimeng’enya kinachogandisha maziwa, nacho huuawa na moto. Tangu siku ile alianza na maji. Huchukua kikombe kimoja cha maji, akatia kipande cha tangawizi mfano wa kidole gumba, kijiti cha mdalasini, punje tano za iliki zilizopondwa, robo kijiko cha pilipili manga na kijiko kimoja cha chai cha manjano. Huyachemsha kwa dakika kumi mpaka harufu ikatoka mlangoni. Ndipo humimina maziwa lita moja, akayaacha yainuke na kushuka, yainuke na kushuka. Maziwa ya asubuhi yanayonunuliwa kwa chupa hayaaminiki mabichi, maana homa ya kutupa mimba ya ng’ombe huwapata na watu pia. Mwisho hutia sukari guru na kuchuja kwa kitambaa. Rangi ya manjano haipendi maji, hupenda mafuta. Ndiyo maana katika maziwa yasiyoenguliwa hutua vyema, na katika maji matupu huzama chini kama tope.

Taabu ya tatu ilikuwa ya barafu. Katika nchi ya wavuvi barafu si kitu kigeni. Lakini barafu ya wavuvi hutengenezwa kwa ajili ya sangara, na aliyeiona ikipakuliwa kwa sepetu hatamani kuiona katika kikombe. Kugandisha maji machafu hakuyatakasi. Vijidudu vingi husinzia tu humo, vikangoja joto. Basi huchemsha maji, huyapoza, huyatia katika vifuko vidogo na kuyagandisha kwenye friza ya jirani, kwa malipo ya kikombe kimoja cha maziwa kila jioni. Maziwa nayo hupozwa kwanza ndani ya beseni la maji, kwani barafu ikitiwa katika maziwa ya moto huyeyuka yote, na kinachobaki ni maziwa mepesi yasiyo na haya.

Mama mkwe wake, mwanamke mtu mzima wa Kijita aliyelelewa katika maziwa na mtindi, aliyatazama maziwa yale kwa huruma. “Mwanangu,” alimwambia, “maziwa yamefanya kosa gani hata ukayapaka rangi?” Siku moja tone likadondokea kitenge chake cheupe. Alipolifua kwa sabuni ya mche, doa la manjano likageuka jekundu mbele ya macho yake, kwani ndivyo rangi hiyo ifanyavyo ikikutana na magadi au sabuni. Akaliita watoto waje watazame. Kitenge kilipoanikwa juani siku mbili tatu, doa likafifia. Naye bibi, aliyevutwa na kiroja hicho, aliomba kikombe chake cha kwanza.

Akakipenda. Akaomba cha pili. Mkaza mwana, kwa furaha ya kukubaliwa katika nyumba ile, akasema kama wasemavyo kwao: “Kunywa, mama, hiyo ni dawa.”

Pwani neno hilo ni pambo. Upepo wa kaskazi ni dawa, usingizi wa mchana ni dawa, mgeni mcheshi ni dawa. Washairi wamelitumia kumsifu mpenzi, na hakuna aliyewahi kwenda kumtafuta mpenzi huyo katika duka la dawa. Lakini Kisorya bibi alilipokea lilivyo. Alikuwa akimeza vidonge vya presha kila asubuhi kwa miaka kadhaa, vikimchosha, naye hakuona sababu ya kuwa na dawa mbili. Akaviweka kando, akanywa maziwa ya manjano. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuona kuwa ametenda jambo la kuambia watu. Wiki ya nne alizungukwa na kizunguzungu akitoka kisimani, akaanguka. Zahanati ilipompima, presha ilikuwa imepanda sana.

Yapo yanayojulikana kuhusu manjano, na yanafaa kusemwa kwa kipimo chake. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, walionyesha kwamba miligramu 20 za kiini cha pilipili manga huongeza mara nyingi kiasi cha kiini cha manjano kinachoingia katika damu ya mtu. Utafiti ule ulipima kilichoingia katika damu, haukupima nani amepona. Waliojitolea walipewa gramu 2 za kiini kilichokamuliwa. Unga wa manjano wa kawaida huwa na yapata gramu 3 za kiini katika kila gramu 100. Kijiko cha chai kilichogawanywa katika vikombe vinne humpa mnywaji miligramu ishirini na kidogo. Atakaye kufikia kipimo cha Bangalore sharti anywe vikombe karibu tisini kwa mara moja. Hapo maziwa yatamuua kabla ya presha.

Bibi aliporudi nyumbani, majirani walikuwa wamekwisha kujua kuwa maziwa ya mpemba ni dawa, na wawili watatu walikuja na vyombo na fedha mkononi. Palikuwa na njia rahisi ya kunyamaza, kwani sifa ilikuwa tamu na fedha ilihitajika. Mkaza mwana hakuifuata. Aliwauzia maziwa, na kila aliyeulizia ugonjwa alimwambia kuwa ugonjwa hauuziwi hapa, aende zahanati. Wawili hawakurudi. Kwa mama mkwe wake alipiga magoti, akamwambia kuwa neno lile kwao husemwa kwa mapenzi tu, na kwamba kidonge hakina mbadala chunguni.

Bibi alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Basi mngetafuta neno jingine la mapenzi.”

Tangu siku hiyo kidonge humezwa asubuhi kwa maji, na maziwa hunywewa jioni, kivuko cha mwisho kikirudi. Hayaitwi dawa tena katika nyumba ile. Bibi huyaita “yale ya njano”, na akitaka barafu iongezwe hugonga kikombe kwa kucha mara mbili.