Vidonda vya Tumbo na Chungu cha Nyumbani

Kwetu Kigera, mama akisema tumbo linamwaka chini ya kifua, washauri hawakosekani. Mmoja atamkataza maharage, mwingine dagaa, na wa tatu atamwambia aache ugali wa muhogo, anywe maziwa tu. Mwenzetu mmoja wa jumuiya yetu aliyafuata yote hayo kwa miezi mitatu, tena akiwa ananyonyesha. Magauni yalimpwaya, mtoto akawa analia kifuani, na maumivu yakabaki palepale.

Tulimsindikiza hospitali mjini Musoma. Alipimwa choo, akaonekana ana bakteria waitwao Helikobakta pailori. Wadudu hawa waligunduliwa huko Australia na Robin Warren na Barry Marshall mwaka 1982. Marshall aliwanywa mwenyewe mwaka 1984 ili aonyeshe kwamba huleta ugonjwa, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo hata madaktari wakubwa waliwaagizia wagonjwa maziwa na vyakula laini. Kumbe maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha tumbo hutoa asidi zaidi.

Wadudu hao huuawa kwa dawa: za kuua bakteria za namna mbili au zaidi, pamoja na ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14, bila kukatisha mgonjwa anapopata nafuu. Daktari aambiwe kama mama ananyonyesha, maana si kila dawa humfaa. Mwenzetu aliulizwa pia jambo tusilolitarajia: anameza dawa gani za maumivu? Alikuwa akijinunulia diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Dawa za jamii hiyo, pamoja na aspirini, zaweza kuleta vidonda zenyewe. Akaambiwa aziache.

Na chakula je? Kazi yake ni kumjenga mgonjwa ili kidonda kipate kufunga. Sato wa kuchemsha, mayai, mboga za majani, uji wa ulezi, hata maharage na dagaa, ale kama havimsumbui. Kinachomchoma, mathalani pilipili, akiache yeye; si lazima jirani naye akiache. Asishinde na njaa mpaka jioni. Pombe na sigara huchelewesha kupona. Wanaopenda kumtaja Timotheo na divai yake wakumbuke kwamba Paulo hakuwa tabibu. Tabibu alikuwa Luka.

Mama akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, apelekwe hospitali usiku huohuo.