Mizani ya Neno "Mpenzi"

Yasemwa mara nyingi kwamba shairi la mapenzi lenye vina na mizani ni mali ya pwani, na kwamba kijana wa Iringa au Mbeya alitungapo huwa ameazima sikio la Lamu au la Tanga. Dhana hiyo yafaa ipimwe kwa mishororo yenyewe. Ubeti wa desturi una mishororo minne. Kwa kazi hii yatosha miwili, iliyotungwa kuwa mfano tu:

*Ningali huku Iringa, nawe umerudi Mbeya,*
*Barua ninazifunga, mpenzi naona haya.*

Kila mshororo una mizani 16: nane za ukwapi na nane za utao. Mwanafunzi wa fani husitasita penye neno *mpenzi*. Machoni ni mizani mbili. Sikioni ni tatu, *m-pe-nzi*, kwa kuwa *m* ile ni mabaki ya *mu*. Lakini *m* ya Mbeya haihesabiwi peke yake, maana imeshikamana na *b*: *Mbe-ya*, basi. Sasa, Mhehe husema *munu* na Mnyakyusa husema *umundu*, wote wakimaanisha mtu. Irabu iliyodondoka katika Kiswahili bado wanaitamka nyumbani. Kanuni ambazo Amri Abedi alizieleza mwaka 1954 katika *Sheria za Kutunga Mashairi* haziwafikii kama ugeni; lugha za mama zao zimekwisha kuwahesabia.

Vina ni jambo jingine. *Nga* ni kina karimu, *ya* ni kina bahili. Mtunzi mvivu angemalizia kwa *pokea* au *njia*, na sikio la haraka lingekubali, ingawa kina cha hapo ni *a* tupu. Washairi wa kale wa pwani waliweza kuandika *pokeya* na *ndiya*, kwa haki ya lahaja zao. Mtu wa Iringa afanyapo hivyo, hapo ndipo huazima kweli.

Tangu *Kichomi* cha Kezilahabi, mwaka 1974, wako washikiliao kwamba vina hufunga fikra. Katika mfano huu, ubahili wa *ya* ndio uliomlazimisha mpenzi kukiri haya yake. Na lile pumziko la katikati ya mshororo wa kwanza, lililoacha Iringa upande huu na Mbeya upande ule, limebeba barabara ya zaidi ya kilomita 300.